Tumbili wa Shimo la Saba

Mwaka wa 1957 Bwana Hallam alistaafu kazi ya kupima ardhi. Alinunua karavani, akaifunga nyuma ya Landrova yake, akatangaza kwamba atauzunguka Mlima Kenya na kucheza gofu popote atakapoona bendera. Mimi nilikuwa dereva wake, mpishi wake na mbeba fimbo zake. Karavani ile ilikuwa na vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa na mapazia ya maua. Watu wa barabarani waliiita nyumba inayofuata gari, na mama mmoja wa Kerugoya aliniuliza kwa upole nimemfungia nani humo ndani.

Mimi ni mtu wa Majengo, Meru. Baba yangu alikuja kutoka Tabora na mizigo ya watu kichwani, mama yangu alikuwa Mmeru wa Ruiri. Kusoma nilijifunza nikiwa mtu mzima, katika shule ya usiku, na tangu hapo hakuna karatasi niliyoitia kidole gumba. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba barua ya ruhusa niliyokuwa nayo niliisoma mwenyewe, neno kwa neno. Iliruhusu "dereva Idrisi, akiwa pamoja na Bwana Hallam." Ilikuwa Hali ya Hatari, na serikali iliwashuku Wameru kuwa na watu wao msituni. Mtu mwenye mama Mmeru, akikutwa kwenye kizuizi cha barabarani na barua kama ile bila huyo Bwana Hallam, angelala kambini mwezi mzima akijieleza.

Ndiyo maana sikuweza kumwacha Bwana wangu Embu, hata siku ile ya Alhamisi. Na kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, nilitakiwa Majengo nimwoe Rahema, binti wa Mzee Abubakar mwenye bucha.

Ndoa hiyo ilikuwa inapangwa kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza kafyu ilinishika Nyeri. Mara ya pili springi ya karavani ilivunjika. Sasa Mzee Abubakar alikuwa amenitumia ujumbe kwa dereva wa lori la ngozi, naye aliniletea bila kupunguza hata chumvi: "Mwambie Idrisi Ijumaa hii nafunga ndoa ya binti yangu. Akiwapo, vizuri. Asipokuwapo, Saad ana duka, na duka halina magurudumu."

Bwana Hallam nilikuwa nimemwambia. Alitikisa kichwa kwa huruma na kusema Ijumaa bado iko mbali. Lakini tangu Jumatatu tulikuwa Embu, katika kiwanja kidogo cha maofisa chenye mashimo tisa, naye alikuwa amekula kiapo.

"Mimi hapana toka Embu," aliniambia kwa Kiswahili chake, "mpaka maliza mashimo tisa kwa mapigo sitini."

Jumatatu alimaliza kwa themanini na moja. Jumanne themanini na nne. Jumatano alivunja fimbo, hatukuhesabu. Alikuwa mtu mwema, mwenye elimu kubwa, na angeweza kukuambia urefu wa kilima kwa kukitazama tu. Lakini mpira ule mdogo ulimchukia tangu utoto wake.

Alhamisi asubuhi alicheza na Kapteni mmoja kijana wa kambi ya pale. Mimi nilibeba fimbo na kufanya niwezalo. Mpira ukiingia vichakani, niliukuta kila mara umelala mahali pazuri kuliko ulipoangukia, kwa sababu vidole vya mguu wangu wa kulia vilikuwa vimejifunza kazi. Pamoja na msaada huo, tulipofika shimo la saba alikuwa amekwisha kupiga hamsini. Mashimo matatu yalibaki na mapigo kumi. Kwa kawaida kumi yalimtosha shimo moja.

Shimo la saba lilikuwa fupi. Kati yake na mpigaji palikuwa na bonde la migomba, na bendera ilisimama nyuma ya tuta, ikaonekana ncha tu. Kwa hiyo mbeba fimbo hutangulia, akasimama kwenye tuta aone mpira unaangukia wapi. Nilitangulia.

Viwanja vyetu vya bara havikuwa na majani laini kuzunguka shimo. Kulikuwa na mduara wa mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini, na kibao cha kuusawazisha. Mchanga ule hauna siri. Mpira ukipita huacha mstari, mguu ukikanyaga huacha picha.

Bwana Hallam alipiga. Mpira ulipita juu ya migomba, ukagonga jiwe, ukaruka, ukatua nyasini hatua nne kutoka mchangani. Tangu nianze kumtumikia sikuwahi kuona mpira wake ukienda ulikotumwa. Nikautazama. Nikatazama nyuma, tuta lilinificha. Nikamkumbuka Saad na duka lake.

Niliuokota, nikakanyaga mchanga, nikauviringisha kwa kiganja kutoka katikati ya mduara mpaka shimoni, ukaingia kwa sauti ndogo ya kuridhika. Kisha nikarudi kinyumenyume nikifuta nyayo za akala zangu za mpira wa tairi kwa kibao, bila kugusa ule mstari. Nikapanda tuta, nikapunga kofia.

"Umeingia, Bwana. Kwa pigo moja."

Bwana Hallam alivuka bonde lile akikimbia, mzee wa miaka sitini. Alitazama shimoni, akanitazama mimi, akatazama tena shimoni. Kisha akaketi chini kwenye nyasi na kuvua kofia, kama mtu aliyefika kaburini kwa babu yake. Kapteni alimpa mkono. Wakaondoka wote wawili kuelekea klabu bila kukumbuka shimo la nane.

Nilipokuwa nakusanya fimbo, nilimwona Njura amechuchumaa kando ya mchanga. Njura alikuwa Mmbeere, askari wa Kapteni wa kufuata nyayo. Miaka minne alikuwa amesoma njia za msituni, na watu walisema Kapteni angebishana na ramani kabla ya kubishana na Njura. Siku za gofu alilinda wachezaji kwa bunduki.

"Ndugu wa Majengo," alisema bila kuinua macho, "mpira huu haukuanguka. Ulizaliwa."

"Vipi?"

"Mpira ukianguka huchimba kishimo. Hapa hakuna kishimo. Mstari unaanza tu, katikati, kama mtoto. Na mpira ukichoka, mstari huwa mwepesi. Huu ni mzito mpaka mwisho. Umesukumwa na mkono ulioshiba."

Nilimweleza habari za ndoa yangu.

"Pole," alisema. "Wewe una viatu vyeusi, nimeviona vinaning'inia ndani ya Landrova."

"Ni viatu vya harusi."

"Mimi nimesoma viatu vya watu mpaka macho yanauma. Vyangu mwenyewe sijawahi kuvisoma. Nikiwa na viatu, nitanyamaza vizuri."

Nikampa viatu. Nilijiambia kwamba msikitini viatu hubaki mlangoni, na mwanamke haolewi na miguu.

Niliposhika njia ya klabu moyo wangu ulikuwa mweupe. Nilipika wali, nikafunga mizigo, nikatia maji kwenye rejeta. Saa saba nikaenda kumwambia Bwana Hallam kwamba tu tayari. Nilimkuta amezungukwa na maofisa wanane, uso umewiva kama nyanya.

"Toa mizigo, Idrisi," alisema. "Sisi kaa mpaka Jumatatu."

Kumbe Wazungu wana mila yao. Mtu akitia mpira shimoni kwa pigo moja, lazima awanyweshe wote waliomo klabuni. Na wasiokuwamo huitwa wawemo. Karamu ilikuwa imewekwa Jumamosi. Watu wangetoka Chuka, Kerugoya na Nyeri. Jina lake lingeandikwa ubaoni kwa rangi ya dhahabu. Nilisimama pale na ufunguo wa gari mkononi, nikaelewa kwamba nimejifunga kwa kamba niliyoisokota mwenyewe.

Nilimkuta Njura chini ya mgrevilea, amenyoosha miguu mbele yake akiangalia viatu.

"Nataka useme," nilimwambia.

"Niseme nini?"

"Kwamba mpira haukuingia wenyewe."

Alifikiri. "Ndugu wa Majengo, kunyamaza nimeshavaa. Kusema nitakuvaa wapi?"

"Sina kitu kingine."

"Lile koti la kijivu ni la nani?"

Koti lile nilikuwa nimelishonesha kwa fundi Mhindi, lina mifuko ya ndani miwili. Nikaenda nikalileta. Alilipima, likamkaa mabegani kuliko lilivyonikaa mimi, jambo ambalo sikulipenda.

"Lakini usinitaje," nilisema.

"Mimi nasoma mchanga tu. Mchanga haujui jina la mtu."

Akaenda kumnong'oneza Kapteni, na baada ya nusu saa klabu nzima ilikuwa kwenye shimo la saba, wengine na bilauri mkononi. Nilisimama nyuma yao na mfuko wa fimbo. Njura, viatu na koti amevificha, akiwa peku ndani ya sare yake, alizunguka mduara polepole, akapiga goti, akanusa mchanga. Kunusa kule hakukuwa na kazi yoyote, lakini wote waliacha kunywa.

"Mpira ulianguka nyasini, pale," alisema. "Ukasimama. Halafu akaja mmoja."

"Nani?" Kapteni aliuliza.

Njura alisimama, akapangusa goti. Alitazama watu, akapita uso wangu kama mtu anayepita mlango wa jirani.

"Tumbili, Afande. Dume. Alishika mpira akafikiri ni yai. Akauviringisha hivi, akauficha shimoni ale baadaye. Nyayo zake hakuna, kwa sababu alirudi nyuma na mkia ukafagia. Mnaona palipofagiwa?"

Wote waliona palipofagiwa. Palikuwa pamefagiwa vizuri sana.

"Njura hajakosea tangu nimjue," alisema Kapteni kwa huzuni, lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Ofisa mmoja akauliza kama jina la tumbili litaandikwa ubaoni kwa rangi ile ile ya dhahabu. Mwingine akasema karamu isivunjwe, ila ndizi ziongezwe. Walicheka mpaka mmoja akaketi.

Bwana Hallam hakucheka. Alichukua fimbo zake mkononi mwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akazibeba mwenyewe mpaka kwenye karavani. Nilimfuata nyuma. Sikujisikia vizuri kama nilivyotarajia.

"Kesho," alisema, "kizuizi kikifunguka tu, sisi kwenda."

Kizuizi kilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Aliyeinua mti alikuwa Njura, kwa kuwa ilikuwa zamu yake, na kwa sababu ya baridi alikuwa amevaa juu ya sare koti la kijivu, na chini viatu vyeusi vinavyong'aa. Alitupigia saluti. Bwana Hallam alimtazama kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kama anavyopima kilima.

"Askari siku hizi iko na nguo mzuri," alisema.

"Serikali ni tajiri, Bwana," nikajibu, nikabadilisha gia.

Barabara ya Meru ilikuwa ya murram, bila lami, na kona tupu. Inashuka mtoni na kupanda, inashuka mtoni na kupanda, na kila mteremko karavani ilitusukuma mgongoni kama mkwe mwenye haraka. Kufika Chuka jua lilikuwa limepanda. Hapo, uwanjani mbele ya ofisi, upepo ulikuwa ukichezea bendera nyekundu kwenye kijiti. Bwana Hallam aliketi wima.

"Idrisi. Ile ni gofu?"

"Ni gofu, Bwana. Mashimo mawili." Nikapunguza mwendo kidogo, kwa adabu. "Ila wana simu. Nadhani habari za Embu zimeshafika."

Alitazama mbele. "Endesha."

Nikaendesha. Nkubu pia palikuwa na bendera, ya mtu aliyeuza maziwa, lakini sikumpa nafasi ya kuuliza.

Tuliingia Majengo adhana ikiisha. Niliegesha Landrova mbele ya bucha ya Mzee Abubakar, na karavani ikaziba barabara yote iliyobaki. Mlangoni alisimama Mzee Abubakar katika kanzu nyeupe, na kando yake Saad, naye katika kanzu nyeupe, amepaka manukato yaliyonifikia kabla ya salamu. Mimi nilikuwa na shati la safari, sina koti, na miguuni akala zenye vumbi la wilaya nzima.

"Umekuja, baba," alisema Mzee Abubakar. Kisha macho yakashuka. "Binti yangu anaolewa na mtu anayevaa tairi?"

"Huenda alipasua ile nyingine njiani," Saad alisema.

Kabla sijajibu, Bwana Hallam alishuka. Alikuwa amebeba viatu vyake vya gofu, vya rangi mbili, nyeupe na kahawia, vyenye misumari chini.

"Vaa," aliniambia. "Yako mimi naona kwa kizuizi. Na koti."

Nilitaka kusema neno. Alinyanyua kidole.

"Saa tatu nzima mimi alikuwa bingwa," alisema. "Kwenda sasa. Chelewa iko baya."

Vilikuwa vikubwa, lakini nilivivaa, nikanyoosha mgongo, nikapiga hatua kumwendea mkwe wangu. Sikujua kwamba asubuhi ile, kwa heshima ya harusi, alikuwa amemwaga saruji mpya kizingitini. Nilizama kwa misumari yote ishirini na miwili, mguu wa kulia, kisha wa kushoto.

Mzee Abubakar alishika kichwa. Alisema habari za saruji kutoka pale mpaka mlango wa msikiti: bei yake, mchanga wake uliotoka mto gani, mtu aliyeusomba. Aliikasirikia saruji mpaka akasahau kunikasirikia mimi, na alipoulizwa na shehe kama amekubali kumwoza binti yake, alijibu ndiyo haraka ili aendelee.

Kizingiti hicho kipo hadi leo. Bucha sasa ni yetu. Rahema alikataa kizibwe. Mafundi wakiziona tundu zile huuliza, na wajukuu huuliza zaidi, ni mnyama gani alipita hapa saruji ikiwa mbichi.

Mimi huwaambia ni tumbili. Bibi yao, kutoka ndani, husema: "Dume."