Gilasi Yangu Imo Tanurini

Nimeegemea ukuta wa tanuri la kupoozea kioo polepole, mchana, tumbo limeshiba ugali, na uvuguvugu unanipanda mgongoni mpaka kwenye kope. Ndani ya tanuri hili imo gilasi yangu ya kwanza. Miaka mitatu nimekuwa nikichagua vigae vya chupa kwenye karakana ya fundi Kyengo, vya kijani huku, vyeupe kule, macho yangu yakiiba kazi: anavyochovya bomba la chuma kwenye kioo kilichoyeyuka kikawa kizito kama asali, anavyolizungusha bila kusimama kisije kikadondoka, anavyopuliza kidogo tu, kama mtu anayepoza chai. Jana akanipa bomba, nikapuliza. Sasa desturi ya hapa ni kwamba gilasi ya kwanza ikitoka tanurini, fundi anaimiminia chai inayotokota mbele ya watu wote. Ikistahimili, wewe ni mpulizaji. Ikipasuka, rudi kwenye vigae. Mbithe, aliniambia, ukigusa komeo la mlango huo kabla sijakuita, usije kunililia. Nimengoja tangu jana. Nimechoka kungoja. Nafumba macho kidogo tu, na mlango wa tanuri unafunguka wenyewe, nami nimo ndani, na ndani ni barabara, barabara ya kioo isiyo na mwisho, joto lipo lakini halichomi. Mtu ananisubiri. Hana uso. Mahali pa uso pana kioo laini, naona pua yangu humo. Natafuta gilasi yangu, namwambia. Kitendawili, anasema. Sikuja kwa vitendawili mimi. Kitendawili! Haya basi, tega. Motoni hakifi, kwenye haraka kinakufa. Nawaza, nasema, chapati. Anacheka, kifua kinalia kama vikombe kwenye sinia. Chapati ya nani hiyo, dada, isiyoungua? Nipe mji. Nampa Voi ili tumalizane, na barabara inajipinda, tuko Voi, lakini Voi ya kioo, nyumba zimesimama na nyumba zilezile zinaning'inia chini yake, na mwisho wa kila mtaa upo mlango wa tanuri, na nyuma ya mlango naiona gilasi yangu ikiwaka wekundu. Naukimbilia. Mtaa unateleza chini ya miguu, narudi nilipoanzia, na yule bila uso yupo palepale amekunja mikono. Kitendawili. Ni kilekile! Kwani umekijibu? Nasema chuma, nasema jiwe, nasema moyo wa mkwe. Nipe mji. Nampa Mtito Andei, nampa Emali, na kila mji ni uleule, mlango uleule, mteremko uleule, na mimi nazidi kukimbia na kuzidi kuchelewa. Emali namkuta mama muuza nyanya, naye hana uso, nyanya zake za kioo. Mama, shikamoo, njia ya tanuri ni ipi? Marahaba mwanangu, mbona unahema kama umeibiwa? Anachukua nyanya moja nyekundu kwa moto, anaichovya majini, inapasuka vipande mkononi mwake. Umeona? Ngozi imepoa inataka kutulia, moyo bado una moto unataka kunyooka. Ukiwaharakisha wanavutana mpaka wanararuana. Wape muda wapoe pamoja, wapatane. Wakishapatana, hata wajukuu wako watanywea gilasi yako. Nayajua hayo yote, mama! napiga kelele, nimeyatazama miaka mitatu, nani kanitazama mimi? Mama anapanga nyanya zake kama hajasikia. Yule bila uso ananigusa bega. Nipe mji mwingine. Sina. Unayo karakana, anasema, nipe hiyo. Hapo nausukuma mkono wake. Karakana sikupi! Ni gilasi! Jibu ni gilasi, na ulijua najua! Hongera, dada. Basi mbona mkono wako umeshika komeo? Natazama. Mkono wangu umeshika komeo,

na nazinduka, mkono wangu umeshika komeo. Fundi Kyengo amesimama mbele yangu na birika, watu wa karakana wamejaa nyuma yake. Mbithe, umefungua? Sijui, fundi. Hujui vipi, mikono si yako? Napapasa komeo, lina joto, kiganja changu kina joto, lakini hapa nini hakina joto? Anafungua, anaitoa gilasi, anaigonga kwa kucha, inalia vizuri. Anamimina. Mvuke unapanda, kila mtu ametega sikio. Haipasuki. Mtu anapiga kigelegele, mwingine ananipiga mgongoni, sasa ringa, mpulizaji! Fundi ananipa gilasi. Kunywa, anasema, na mvuke umemfunika uso wote. Nanywa funda kubwa. Chai inatokota mdomoni mwangu, joto lipo lakini halichomi. Naiweka gilasi chini taratibu, naegemea ukuta, nangoja tena.