Umesikia Mawe?

Kokubanza hakuwa mtu wa hedifoni. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika pale Rwamishenye, na masikio yake yalimtosha bila kuvalishwa kitu: alto mmoja akiteleza nusu sauti mstari wa nyuma, yeye ameshamgeukia. Aliyemwingiza kwenye mambo hayo ni Machibya, fundi mitambo wa kanisa, Msukuma aliyekulia visiwani Muleba baba yake akifuata sangara. Kijana mcheshi, mwenye chaneli mtandaoni ya kulinganisha hedifoni za bei mbaya. Ndiyo, watu wanaangalia vitu hivyo. Mtu anavaa hii, anavua, anavaa ile, anakunja uso kama anaonja chumvi ya mchuzi, halafu anatangaza kwamba besi imenona, na maelfu wanamwitikia.

Kila kipindi alikifunga kwa maneno yale yale: "Umesikia mawe?" Aliyaandika hadi kwenye kofia. Siku moja Kokubanza alimuuliza hayo mawe ni ya wapi, Machibya akacheka, akasema ni kijiwimbo cha majaribio tu, dada, mambo ya mafundi. Naye hakufuatilia. Chaneli yenyewe hakuwahi kuifungua. Aliona bando lake lina kazi za maana kuliko kumtazama mwanamume mzima akipapasa masikio.

Lakini alikuwa rafiki, tuelewane hapo. Mwaka juzi, mzee Rugaibula, baba yake Kokubanza, alipokuwa bado na nguvu za kushika nanga yake, ile ya Kihaya yenye nyuzi ambayo mtu anailaza mapajani, ni Machibya aliyebeba mikrofoni zake hadi kijijini Ngenge kwa mzee akamrekodi mchana kutwa. Hakuna mwingine aliyewahi kumrekodi mzee. Alipofariki, Kokubanza akaenda kuomba sauti ile, na Machibya akaanguka kwenye kiti akalia. Memori kadi imekufa, dada. Nimejaribu kila njia. Alilia mpaka Kokubanza, yeye mfiwa, akamshika bega akambembeleza. Usijali, mdogo wangu, mashine ndivyo zilivyo.

Tangu hapo alikuwa anaipoteza sauti ya baba yake kidogo kidogo. Uso aliukumbuka, picha zilikuwepo ukutani. Sauti ndiyo iliyokuwa inamponyoka, na wakati mwingine akiwa jikoni alijaribu kuiita kichwani, ikaja ya mjomba wake. Hilo lilimuumiza kuliko alivyoweza kumwambia mtu.

Basi Jumamosi moja asubuhi Machibya akampigia simu, furaha imemjaa. Mfanyabiashara wa Mwanza alikuwa amemwazima hedifoni mpya: vikombe vya mti, wazi kwa nyuma, ngozi laini, bei yake unanunua ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Sasa Machibya alitaka sikio ambalo halijaharibiwa na matangazo. Kokubanza alipofika, alimkalisha mbele ya kompyuta, akampa zile zake za zamani mkono huu na mpya mkono ule, akamwekea nyimbo nne za kwaya yao wenyewe. Sikiliza huku, rudia huku, halafu uniambie.

Mara honi ikalia getini. Ni mtu wa Kemondo aliyemletea samaki. Machibya akatoka, akamwambia aendelee tu, asimsubiri.

Kokubanza akaendelea, na ukweli usemwe, alifurahi. Kwenye zile za zamani kwaya ilisimama mbele yake kama ukuta. Kwenye mpya kila mtu alikuwa na mahali pake: Evodia kushoto, akivuta pumzi kabla ya wenzake na kuingia mapema. Kumbe ndiye anayetuharibia, akajisemea, Jumatano tutaonana. Wimbo wa nne ukaisha. Alionyeshwa pa kurudishia wimbo, hakuonyeshwa pa kuusimamisha, kwa hiyo wa tano ukaanza wenyewe.

Ilikuwa nanga.

Hakuhitaji kusikia mengi. Uzi wa tatu ulikuwa mkavu, haukuitika vizuri, ule ambao mzee Rugaibula alikataa kuubadilisha miaka yote. Kisha kigoda kikalia, jogoo akawika mbali, mtu akashusha pumzi puani. Halafu pembeni kidogo, chini kabisa, kama mtu ameinamisha kichwa kwa aliye karibu naye, sauti ikasema: "Nohulila, mawe?"

Unasikia, mama? Maana kwa Kihaya mawe ni mama. Mzee alimpa binti yake jina la mama yake mzazi, na kwa sababu hiyo hakuwahi kumwita Koku. Alimwita mawe tangu yuko mgongoni, akamwamkia kwa heshima hata alipokuwa kitoto cha kufutwa kamasi, wageni wakicheka. Na sasa kwenye hedifoni mwanamke akajibu kwa mbali, na kicheko ndani yake: "Ego, tata." Ndiyo, baba. Alikuwa yeye mwenyewe, jikoni Ngenge, akimenya ndizi.

Kokubanza akavua zile mpya akavaa za zamani, akaurudisha wimbo mwanzo. Tuseme kweli, alikuwa anaomba awe amekosea. Kwenye zile za zamani nanga ilikuwa nanga tu, ingeweza kuwa ya mzee yeyote, na mahali pa ile sauti palikuwa na mvumo kama wa nzi. Akataka kuamini hivyo. Akavaa tena mpya, na baba yake akamuuliza tena kama anasikia. Kwenye kioo cha kompyuta jina la wimbo liliandikwa kwa herufi kubwa: MAWE.

Hapo ndipo akaikumbuka ile kofia, na kile kicheko, na yale machozi.

Machibya akaingia na furushi la samaki, anatabasamu. Kokubanza alikuwa ameshaunyamazisha wimbo kwa kuchomoa waya wa hedifoni.

"Huu wa tano ni wa nani?" akauliza.

Machibya akatazama kioo, akatazama samaki wake. "Ah, huo. Mzee mmoja wa visiwani, dada. Anaimba habari za mawe ya ziwani."

Alisema hivyo akimtazama machoni, na hilo Kokubanza hajamsamehe mpaka leo. Alirudisha waya, akachukua zile hedifoni za ng'ombe na ndama, akamvalisha Machibya kwa mikono yake, taratibu, kama anavyowatengenezea wanakwaya kola za majoho, akaurudisha wimbo mwanzo.

"Huyo anayejibu ni nani?" akasema. "Mawe ya ziwani yanajibu ego, tata?"

Machibya akazivua zile hedifoni, akaziweka mezani.

"Mawe ni mimi, Machibya. Baba alikuwa ananiita mimi."

"Sikujua," akasema, na kwa hilo labda alisema kweli. Kihaya chake kiliishia kwenye salamu. "Nilidhani anasema mawe. Basi nikaona ni kipimo kizuri. Hedifoni mbovu hailisikii lile neno, nzuri inalisikia. Watu wakalipenda. Dada, wananijua kwa wimbo ule. Ningekupa, wimbo ungefika redioni, ungekuwa wa kila mtu, nami ningebaki na nini?"

"Ulilia mbele yangu. Nikakubembeleza."

"Nililia kweli."

"Nipe wote," akasema Kokubanza. "Mchana kutwa ulirekodi. Nipe mchana wote."

Ndipo Machibya akakaa chini. Mchana wote haupo, akasema. Alibakiza kipande hiki kisafi, kama dakika moja na kitu, vingine akavifuta. Alihitaji nafasi ya vipindi. Vilipofutwa, mzee alikuwa bado hai. Kokubanza alipokuja kuomba, akaona haya kumwambia, ikawa rahisi kusema memori kadi imekufa. Alisema hayo yote akiangalia sakafu.

Alimhamishia kile kipande kwenye simu. Wakati kinahama, Machibya, kwa mazoea tu, akauliza hedifoni zipi zilikuwa bora.

"Zile za zamani," akasema Kokubanza. "Nikizivaa hizo, bado wewe ni rafiki yangu."

Hakwenda nyumbani. Alipanda basi la Muleba siku ile ile hadi Ngenge kwa mama yake, Skolastika, akamkuta anaanika maharage. Akamkalisha, akaiweka simu mapajani mwake, akaongeza sauti mpaka mwisho. Nanga ikalia, nyembamba, kama iko ndani ya debe. Mama akafumba macho. Wimbo ukaisha.

"Ni yeye," akasema mama. "Mikono yake kabisa. Lakini mbona hasemi?"

"Anasema, mama. Hapo katikati. Simu ndiyo haiwezi."

Akarudia, na mama akasogeza sikio hadi likagusa kioo, akatikisa kichwa. Kokubanza akamwambia yapo maneno, kwamba mzee anauliza nohulila, mawe, na yeye mwenyewe Kokubanza anajibu. Mama akaanza kulia polepole, na kucheka pia, akifuta uso kwa kitenge.

"Wewe uliyasikia kwenye nini?"

"Kwenye hedifoni. Za Machibya."

"Basi kumbe ni karibu," akasema mama, akikusanya maharage yake. "Kesho unipeleke. Yule mtoto hawezi kutunyima, si ulinieleza alivyomlilia baba yako kuliko wajomba zako. Na tumbebee ndizi, tusiende mikono mitupu."

Akainuka akaenda migombani kutafuta mkungu mzuri. Kokubanza akabaki ameshika simu. Mara mbili alifungua mdomo kumwita arudi, na mara zote mbili akaufunga.