Mstari wa Mia Mbili na Saba

Kwanza tuelewane. Katika mtandao wa hospitali ile, kompyuta haimjui mtu kwa jina. Majina ni yetu sisi binadamu, ya kuitana na kutetana. Kompyuta inamjua mtu kwa namba, na kila faili lina orodha ya namba zinazoruhusiwa kulifungua. Hospitali mbili zilipounganishwa, miaka tisa nyuma, kila mfanyakazi alipewa namba mpya, na ile ya zamani ikabandikwa nyuma ya akaunti yake ili mafaili ya zamani yasimkatae. Ilikuwa iwe kwa miezi mitatu tu. Unawajua watu na mambo yao ya miezi mitatu.

Sasa mkaguzi alikuwa amekuja juu. Namba zote za zamani zifutwe, alisema, na orodha yake aipate kabla ya saa sita mchana. Akaongeza kwamba atakayekutwa na namba isiyo yake atakwenda kujieleza kwa mkurugenzi, na aende na mkoba wake kabisa.

Kazi ikamwangukia fundi waliyemwita Mkono. Jina hilo alilipata wiki ya pili tangu aajiriwe, akiwa bado kwenye majaribio. Hifadhi ya kumbukumbu za wagonjwa iligoma kufunguka asubuhi moja, mafundi wakahangaika nayo hadi wakachoka, yeye akakaa, akabonyeza, ikafunguka. Mkuu wa kitengo akasema huyu dada ana mkono, na majaribio yakaishia hapo hapo.

Mpinzani tu ndiye hakuimeza habari hiyo. Huyu alikuwa fundi wa meza ya pili, na hilo jina la utani lilimkaa sawasawa. Alisema binti kabebwa, kwa kuwa baba yake ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa hospitali ya zamani, na mwezi ule ule ndio alikuwa anastaafu. Miaka minane Mkono alimjibu jibu moja: nimeingia hapa kwa miguu yangu. Na aliliamini, maskini, kwa moyo wake wote.

Baba ndiye aliyemfundisha kuandika skripti, zile amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe, wakiwa mezani nyumbani, vyombo vimesukumwa pembeni. Alimwekea sharti moja: usifute kitu kabla hujakiorodhesha. Kwa hiyo skripti ya asubuhi hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza inaorodhesha kila akaunti yenye namba ya zamani, ya pili inafuta. Saa tatu akaendesha ya kwanza. Zikatoka akaunti mia nne na kumi na mbili, naye akaanza kuzipitia, kikombe cha chai mkononi.

Mstari wa mia mbili na saba ulikuwa wake.

Akausoma tena. Haiwezekani. Yeye aliajiriwa hospitali zikiwa zimeshaungana mwaka mzima. Namba ya zamani angeitoa wapi? Labda skripti imekosea. Akaikagua herufi kwa herufi, haikuwa na kosa. Akafungua daftari la namba za hospitali ya zamani, akaitafuta ile iliyobandikwa nyuma ya jina lake. Ilikuwa ya baba.

Chai ilimmwagikia mapajani na hakuisikia. Akaitazama tarehe namba hiyo ilipobandikwa: siku ile ile ya hifadhi kugoma, dakika ishirini kabla hajaketi kuifungua. Miaka minane hakuwahi kuandika ombi la ruhusa hata moja, kila alichogusa kilifunguka, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Mkono gani? Wenzake walikwama kwa sababu hawakuwa na namba ya mkubwa. Yeye alikuwa nayo mgongoni.

Akatoka hadi kwenye ngazi, akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

"Nimeikuta kwenye orodha ya mkaguzi. Akaunti yangu ina namba yako."

Mkono aliomba kimoyomoyo mzee aseme namba gani, aseme sijui unaongea nini.

"Kumbe bado ipo?" baba akasema.

Mkono akakaa kwenye ngazi.

"Niliwaona wale wenzako wamesimama nyuma ya kiti, wanasubiri ukae uumbuke," mzee akaendelea, taratibu. "Nikashindwa kuvumilia. Nilipanga kuitoa kesho yake, kisha nikaona unavyofurahi."

"Ungeniacha niumbuke, baba."

"Sasa najua hivyo. Ile siku sikujua." Akakohoa. "Wewe ndiye mwenye orodha?"

"Ndiyo."

Hakumwambia aufute mstari. Wala hakumwambia auache. Alimuuliza tu kama amekunywa chai.

Mkono akarudi mezani. Saa tano na nusu. Kufuta mstari mmoja ni kazi ya kidole kimoja, na orodha ya mia nne na kumi na moja nani angeitilia shaka? Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu, na hasira zilimjaa, hajui anamkasirikia baba au yule msichana mjinga aliyeshangiliwa siku ile. Mwishowe akaituma orodha kwa mkaguzi kama ilivyo. Kisha akaendesha sehemu ya pili.

Ilimaliza kwa sekunde arobaini. Akajaribu kufungua hifadhi ya kumbukumbu. Skrini ikamwandikia kwamba hana ruhusa.

Mpinzani akaja na kompyuta yake mkononi. "Hebu Mkono, nifungulie hifadhi. Kwangu imekataa tangu namba za zamani zifutwe."

"Na kwangu imekataa."

Mpinzani akacheka. "Acha utani bwana. Kwako ikatae?"

Mkono akaifungua orodha, akaigeuza skrini imwelekee, akaweka kidole kwenye mstari wa mia mbili na saba, penye jina lake na namba ya baba yake, akamwachia asome mwenyewe.