Usiku Mmoja Bila Kupika

Siku hizi wajukuu wangu wakitaka safari wanapapasa simu, hoteli inatokea na picha ya kitanda, wamemaliza. Mimi huwatazama tu na kunyamaza, maana nikianza kueleza jinsi safari yetu ya mwaka hamsini na saba ilivyopangwa, wataniona mzee wa maneno mengi. Basi nawaambia ninyi.

Baba yangu, Micah, alikuwa fundi katika gereji ya Mhindi mmoja mjini Nakuru. Mwaka huo alifufua Morris kuukuu iliyokuwa imetupwa nyuma ya gereji, akaambiwa aichukue kwa bei ya vyuma, na akatangaza nyumbani kwamba atatupeleka kuwaona viboko wa Ziwa Baringo. Si kwa lori la mtu, si kwa basi. Kwa gari lake, akiendesha mwenyewe. Hakuna jirani ambaye hakuambiwa, na ufunguo ulikaa mkononi mwake hata akienda msalani.

Kupanga kulichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Jioni baada ya chakula Baba alilaza njiti za kiberiti mezani ziwe barabara: Nakuru, Mogotio, Marigat, ziwa, kisha kurudi kupitia Eldama Ravine. Kila penye mji au kijiji aliweka punje ya mahindi, na kila punje ilikuwa na jina la mwanamume wa rika lake, aliyetahiriwa pamoja naye. Kwetu mtu hakupita mlango wa mwenzake wa rika akaenda kulala kwingine. Lilikuwa tusi. Kwa hiyo kwa Baba swali la mahali pa kulala lilikuwa limejibiwa tangu ujana wake.

Mama naye alikuwa na lake. Kila Jumamosi alipeleka mayai kwenye mlango wa jikoni wa hoteli moja kubwa ya Wazungu, na kutoka pale aliwaona wanawake wameketi barazani wakiletewa chai, hawainuki hata kuchukua sukari. Jambo hilo lilimwingia.

"Nataka kulala usiku mmoja tu mahali ambapo sitapika," alimwambia Baba, akimwita kwa jina langu kama kawaida. "Usiku mmoja, Baba Chelangat."

Alijua kilichomngoja kwa hao wa rika la Baba. Mgeni wa kike akifika anasalimia, anamweka mtoto chini, anaingia jikoni kumsaidia mwenye nyumba. Ni adabu. Wanaume wanabaki uani na habari zao. Mama aliziangalia zile punje za mahindi na akaona majiko tu, moja baada ya jingine, hadi Baringo na kurudi. Ndipo alipoomba twende hotelini.

Baba alicheka, kisha akaacha kucheka. "Pale mlangoni hawataniuliza kama nina pesa," alisema. "Wataniangalia uso."

Mpaka leo huniuma kumkumbuka Baba vile, mtu wa majisifu kama yeye, akikiri hivyo mbele ya mke wake. Baadaye alitoa ahadi. Tungelala Ravine kwa Kimaiyo, rafiki yake mkubwa katika rika, na Mama hangegusa sufuria. Kimaiyo angeelezwa mapema.

Tukaenda. Vumbi liliingia hadi kwenye meno, na Baba aliwapigia honi mbuzi na watu asiowajua kabisa. Viboko walitoa pua tu majini, lakini Baba alituhadithia habari zao utadhani amewafuga. Mama aliimba nyimbo za kanisani njia nzima kutoka Marigat, kwa sauti ambayo nyumbani hatukuwahi kuisikia. Sijui ningetoa nini leo niisikie tena.

Jua likielekea kuzama tukafika kwa Kimaiyo, na Kimaiyo hakuwa ameelezwa chochote. Baba aliona haya. Utamwambiaje mtu wa rika lako kwamba mkeo hataki kuingia jikoni kwake? Alitumaini tu kwamba Mama atasahau.

Mama hakusahau. Alisalimia, akaingia nyumbani, akaketi kwenye kigoda na kukunja mikono. Cheptanui, mke wa Kimaiyo, akangoja. Akaenda jikoni ng'ambo ya uani, akarudi, akachungulia. Mgeni bado ameketi. Kwetu mwanamke aliyefika kwa watu akakaa vile alikuwa ameleta msiba, na anatafuta pa kuanzia kuusema. Cheptanui alikuwa na mama mzee aliyeishi Subukia, upande wetu wa Nakuru. Hakuuliza kitu. Alizima moto, akawaita majirani.

Wakaja wanawake na vilemba vyao, wakaketi kando ya ukuta, na mmoja wao akaanza kulia polepole. Wanaume uani walidhani wamekuja kuona gari. Mama alidhani ndivyo wageni wanavyokaribishwa Ravine, akawa anawaitikia kwa kichwa kwa heshima, jambo lililozidisha kilio.

Mwishowe Cheptanui alipiga magoti mbele yake. "Niambie tu. Ni mama yangu?"

Mama akaelewa. Nilifikiri ataruka akimbilie jikoni. Badala yake machozi yakamtoka.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Nimechoka. Nilitaka leo nikae tu."

Niliona aibu kwa niaba yake hadi masikio yakaniwaka. Nilijua watamcheka, na habari zitafika Nakuru kabla yetu. Bibi mmoja alianza kucheka kweli, kisha akakatiza. Cheptanui akavuta kigoda, akaketi karibu na Mama, bega kwa bega.

"Hata mimi," akasema.

Hakuna aliyeinuka. Wale wengine walifungua vilemba, wakanyoosha miguu. Uani hadithi za Morris ziliendelea, zikapungua, kisha Kimaiyo akaita kuuliza chakula. Hakujibiwa. Akaita tena. Giza lilipoingia nikamwona Baba akivuka uani kuelekea jikoni, kofia mkononi, Kimaiyo nyuma yake, wakiulizana kwa sauti ya chini unga huwekwa wapi.