Msalaba wa Mbao Mbili

Jioni ya nne ya matanga, Mchungaji Gerishon aliomba kalamu. Nyumba ya marehemu Ochola, mtaani Jamhuri, ilikuwa imejaa waimbaji hadi mlangoni. Mchungaji alikuwa na wasifu magotini, ule ambao ungesomwa Ijumaa kabla ya mwili kusafirishwa kwao Ugenya. Akafika sentensi ya mwisho, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka.

Sentensi hiyo aliiandika Zadock, kaka wa marehemu: Alianguka kutoka orofa ya nne ya jengo la Kilimani kwa sababu ubao wa jukwaa la wajenzi ulikuwa umeoza, na mwenye jengo aliambiwa.

"Tuseme Bwana amemwita," alisema Mchungaji. "Inatosha."

"Si Bwana aliyenunua zile mbao."

"Ndugu Zadock, huyo mtu ametupatia basi ya kwenda na kurudi. Tumtukane na bado anatusaidia kuzika?"

Jirani yao Mwelu akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Huyu akifika mbinguni ataitisha mgomo wa malaika hata kabla hajavua viatu."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha matanga, kisha wakakumbuka walipo.

Zadock hakucheka. Mwaka wa sabini na nne boila ya kiwanda ilimpasukia baba yao, na mchungaji wa siku hizo, mwenye koti jeusi na sauti nzuri, alisema Bwana amemwita. Zadock alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alibaki akijiuliza kwa nini Bwana akiita watu huwaitia kazini, na kwa nini haiti wenye viwanda. Shule iliishia hapo. Kusoma alijimalizia mwenyewe, kwa Biblia, na ukurasa uliochakaa zaidi ulikuwa ule wa Kaini kuulizwa ndugu yake yuko wapi.

Mama yao, Awiti, alikuwa mkekani, miguu ameinyoosha. Alikuwa ametoka Ugenya kumfuata mwanawe. Hakujua kusoma. Aliambiwa Ochola alianguka, basi.

"Shemeji, mwache mama azike kwanza," Veronicah, mjane, alimwomba Zadock. "Hasira yako ilikuwepo jana na itakuwepo kesho."

Alhamisi Zadock alifungua kibanda chake cha useremala kando ya Ngong Road. Katika kanisa lao msalaba hutangulia mbele ya jeneza, kisha husimikwa kaburini, na kuutengeneza ilikuwa kazi yake. Wasifu ulikuwa umekaguliwa na kila mtu. Msalaba hakuna aliyefikiria kuukagua.

Akatoa mbao mbili za saiprasi zilizokuwa zimefunikwa gunia pembeni. Alikuwa na mbao nyingine. Alichukua hizo.

Wiki tatu nyuma Ochola alikuja kuziomba. "Kaka, niazime hizi mbili tu. Ile ya kule juu inalia nikiikanyaga."

"Mbao zangu haziendi kumjengea tajiri. Gomeni siku moja uone kama hatanunua. Ukimzibia pengo, hatanunua milele."

Alisema vizuri siku hiyo. Mafundi wa vibanda vya jirani waliweka randa chini wakamsikiliza. Ochola akaondoka mikono mitupu, akicheka. "Sawa, mheshimiwa."

Zadock akapaka mbao rangi nyeupe. Kwa rangi nyeusi akaandika jina, kuzaliwa 1968, kulala 2006. Chini yake akaiandika sentensi iliyokatwa, yote, bila kusaza neno.

Ijumaa asubuhi, uani mwa mochari, Mchungaji aliuona msalaba. "Funika hiyo kitu na shuka," alisema polepole. "Mama anakuja."

Lakini Awiti alikuwa ameshafika. Akaweka kiganja juu ya ubao. Rangi haikuwa imekauka vizuri.

"Jina lake ni hili?"

"Ndiyo, mama."

"Na haya mengi ya chini?"

"Ni maneno ya faraja, mama," Mchungaji akawahi.

Zadock akamsomea. Alisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Alipomaliza, Awiti aliangalia kiganja chake kilichochafuka.

"Ubao umeoza," alisema hatimaye. "Na kaka yake ni fundi wa mbao. Hakuja kwako?"

Angeweza kusema hapana. Veronicah alikuwa akiangalia kando, Ochola alikuwa ndani ya sanduku, na mafundi waliosikia walikuwa vibandani mwao. Zadock akaukumbuka ukurasa wake uliochakaa. Miaka yote alikuwa akiusoma akiwaza wenye viwanda.

"Alikuja."

"Ukampa?"

"Nilimnyima, mama. Ndizo hizi."

Waimbaji walikuwa wameanza upande wa pili, taratibu, wakingoja jeneza litolewe. Awiti alifuta mkono kwenye leso yake. Hakulia.

"Basi andika na hilo."

"Nafasi imeisha, mama."

"Kuna nyuma."

Zadock akatazama huku na huku. Brashi ilikuwa imebaki kibandani. Mchungaji Gerishon akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kalamu, akampa bila kumtazama usoni. Zadock akaugeuza msalaba, akapiga magoti kwenye kokoto. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe mtupu, na yeye, mtu wa maneno tangu utotoni, hakujua aanze na lipi.