Jeneza Juu ya Paa la Bartley

Theluji ya mwaka arobaini na saba ilimkuta baba yetu ndani ya jeneza, nami sikuwa na raha hata chembe. Nilimuahidi nitamlaza kando ya mama, lakini siku zilipita, na kila tukifungua mlango tunakuta ukuta mweupe. Mara nisimame, mara nikae, mara nichungulie dirishani. Theluji ilipokatika tu, nikasema twende.

"Tukatize ziwani," nikamwambia kaka yangu Colm. "Limeganda, tutafika upesi."

"Maiti hapitishwi njia ya mkato, Nuala. Unataka watu waseme tulikwenda kumtupa?"

"Watu gani? Si wote wamefukiwa!"

Hakunisikiliza. Kwetu marehemu hupelekwa kwa njia ndefu, na Colm ni mbishi kama aliyemzaa. Tukamburuta baba, tukisaidiwa na majirani wawili, jeneza juu ya ngazi ya mbao iliyofungwa kamba za kuvutia, tukipita juu ya kuta na malango tusiyoyaona. Mawingu yalikuwa yanarudi.

Kwenye kilima kidogo tukatua mzigo. Colm akatazama huku na huku.

"Nyumba ya Bartley si ilikuwa hapahapa?"

Chini ya miguu yetu kitu kikagonga.

Bartley! Yule aliyegombana na baba maisha yote kwa ajili ya ukuta wa mpaka, hata salamu wakanyimana. Nilichukia. Hata leo anatuchelewesha! Lakini Colm alikuwa keshashika sepetu.

Tulipoufikia mlango, theluji ilikuwa imeanza upya. Bartley akatoka mweusi kwa masizi, akainua macho.

"Nani huyo juu?"

"Baba."

"Miaka yote hataki nikanyage shamba lake, leo kapanda paa langu!"

Makaburini hatukufika siku hiyo. Tukamwingiza baba nyumbani kwa adui yake, nami nikilia kwa hasira. Marehemu haachwi peke yake, lakini usingizi ulinizidi nguvu.

Asubuhi nilimkuta Bartley ameketi kando ya jeneza, macho mekundu, mkono juu ya kifuniko.

"Hukulala, mzee?"

"Nilale vipi? Ningesinzia kidogo tu, angeusogeza ukuta."

Kisha akashika kamba ya mbele, akakataa kupokewa mpaka tulipomfikisha baba kwa mama.