Mashati Yaliyozikwa Wiki Tatu

"Acha kuyapapasapapasa hayo mashati," wifi yake alimwambia fundi. "Majaji wakifika, kaa kule nyuma na pasi yako. Na mdomo utie kufuli."

Fundi akaendelea kunyoosha kola. Tangu utotoni hakuwa msemaji, na wifi yake alilijua hilo vizuri mno.

Walikuwa katika chumba nyuma ya ukumbi ambako filamu za nchi kumi na tisa zilishindania tuzo. Filamu ya kaka yake ilikuwa imeingia kwenye tuzo ya mavazi. Mashati yote ishirini na sita aliyashona fundi mwenyewe, kwa cherehani ya miguu. Lakini kwenye fomu, mbele ya neno "mshonaji", kaka mtu aliandika jina la mkewe.

"Andika langu, kaka," alimwomba asubuhi ile. "Sitaki kingine."

"Wewe ukihojiwa utatetemeka tu, utuaibishe mbele za watu. Ya nyumbani tutayamaliza nyumbani."

Majaji watatu wakaingia. Mmoja, mama mwenye miwani, akamtazama fundi. "Na huyu?"

"Huyu? Mpiga pasi tu," wifi akacheka. "Tumemwokota nyumbani, hana kazi."

Kaka akatazama viatu vyake.

Jaji akageuza kola ya shati. Ilikuwa imefifia na kuchanikachanika, kama ya mchimba mawe aliyeivaa miaka kumi. "Mmelizeeshaje hili?"

Fundi aliyazika mashati udongoni wiki tatu, pamoja na majivu, kisha akayasugua kwa tofali mpaka vidole vikatoka damu. Wifi hakuwahi hata kuuliza. Lakini ndiye aliyewahi kujibu.

"Ni mitumba, mama. Tulinunua yaliyochakaa vizuri."

Njia ya mwongo fupi. Jaji akafunga kalamu yake. "Tuzo hii ni ya nguo zilizoshonwa kwa ajili ya filamu. Za kununua tunaziondoa."

"Ala! Nimeteleza ulimi! Yameshonwa! Muulizeni huyu, anajua kila kitu. Wifi, waambie ulivyofanya, mpenzi wangu!"

Mpenzi! Miaka minne chini ya paa moja, leo ndiyo kwanza analisikia. Kaka alimkazia macho: sema.

"Mimi ni mpiga pasi tu," fundi akasema.

Majaji wakaondoka. Mlango haujafungwa sawasawa kaka akafoka, "Kikulacho ki nguoni mwako! Na wewe umekosa pia, mjinga, umepata nini sasa?"

Fundi alikuwa anatetemeka kweli, kama alivyotabiriwa. Akaanza kuyatungua mashati, moja moja, na kuyapanga mkononi.

"Weka hapo!" wifi akapiga kelele. "Hayo ni yetu!"

"Ni mitumba, wifi. Nionyeshe aliyekuuzia, nitakurudishia."

Wifi akamgeukia mumewe. Fundi akatoka na mashati yote ishirini na sita, mkono ukimuuma kwa uzito. Pasi aliwaachia mezani, ingali ya moto.